Kadi yangu itakubali Guangzhou, au nibebe dola zote mkononi?

*Swali: Nina duka la mabegi na viatu Kariakoo. Mwezi ujao nakwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza, siku kumi. Nina dola 8,000 kwa jumla, 6,000 kati ya hizo ni za mzigo. Kadi yangu ni Visa ya akaunti ya shilingi. Wenzangu wananiambia China kadi za kwetu hazisomi kabisa, nibebe dola zote mkononi. Wengine wanasema kule hakuna anayepokea noti, kila kitu ni simu. Isitoshe, kadi ilishanitesa Dubai mwaka jana: hoteli ilinikata mara mbili, hela moja ikarudi baada ya wiki tatu. Tena kwenye mashine niliulizwa nilipe kwa dirham au kwa shilingi. Nikachagua shilingi kwa kuwa ndiyo ninayoielewa, lakini niliporudi hesabu haikukaa sawa. Nimefikiria pia nimwachie mume wangu kadi yenyewe atolee hela za nyumbani, mimi niende na namba zake tu kwenye simu. Nifanyeje?*

Dada yangu, pole kwa yaliyokupata Dubai. Nianze na hayo kabla ya China, maana usipojua kilichotokea kule utakwenda na woga ule ule hadi Guangzhou, na naona woga huo ndio unaokusukuma ubebe dola 8,000 kwenye mkoba.

Kadi haina hela ndani yake. Ukiichomeka kwenye mashine ya hoteli, mashine inatuma ujumbe kwa benki ya hoteli, benki hiyo inaupitisha kwa mtandao wa Visa, Visa wanaufikisha kwa benki yako Dar es Salaam, na benki yako inajibu ndiyo au hapana. Yote hayo ni sekunde chache. Ila ile "ndiyo" haihamishi hela, inazitenga tu pembeni ili usizitumie kwingine. Hela zenyewe huhama baadaye, mara nyingi siku moja hadi tatu, hoteli inapowasilisha madai yake.

Sasa, ulipofika mapokezi waliomba benki yako ishikilie kiasi fulani kama dhamana: bei ya chumba na cha juu kidogo, kwa ajili ya vinywaji au kitu kikivunjika. Siku ya kuondoka mhudumu alitakiwa akamilishe muamala ule ule. Kwa maelezo yako, inaelekea alifungua mwingine mpya, jambo linalotokea sana kwenye hoteli zenye msongamano. Ule wa kwanza ukabaki unaning'inia mpaka muda wake ulipokwisha, na kwa hoteli muda huo unaweza kuwa wiki kadhaa. Kwa hiyo hukukatwa mara mbili: ulikatwa mara moja na kushikiliwa mara moja. Ungekuwa na kadi ya mkopo ungeona tu kiwango chako cha kukopa kimepungua kwa muda. Kwa kuwa yako inachota moja kwa moja kwenye akaunti, zilizofungwa zilikuwa hela zako za kula.

Dawa yake ni ndogo. Unapoondoka hotelini, onyesha karatasi ya siku ya kwanza na uwaambie wamalizie muamala huo huo. Ukitaka kulipa kwa njia nyingine, wafute ule wa mwanzo mbele yako na wakupe karatasi ya kufuta. Kwenye karatasi ya mwanzo kuna namba fupi ya idhini, kwa kawaida herufi na tarakimu sita. Ipige picha. Hela zikichelewa kurudi, namba hiyo pamoja na barua pepe ya hoteli inayosema hawatadai tena ndivyo vitakavyoiwezesha benki yako kuachia hela mapema. Bila hivyo, mtu wa dirishani atakuambia usubiri, na hatakuwa anakudanganya.

Kuhusu dirham na shilingi, ulichagua kile kila mtu anachochagua mara ya kwanza, na ndicho mashine inachotaka uchague. Ukigusa shilingi, anayebadilisha fedha si Visa wala benki yako. Ni kampuni iliyoingia mkataba na mwenye mashine, na inaweka bei yake yenyewe. Tuone kwa namba. Chumba ni dirham 1,000. Dirham imefungwa kwa dola kwa kiwango kisichobadilika, 3.6725, kwa hiyo hiyo ni dola 272 na senti kidogo. Tuseme dola moja ni shilingi 2,600, basi deni lako ni kama shilingi 708,000. Mwenye mashine akiongeza asilimia 6, utaona kwenye kioo shilingi 750,000 na ushei. Umelipia shilingi 42,000 kwa raha ya kusoma namba unayoizoea. Kibaya zaidi, benki nyingine hutoza makato ya muamala wa nje hata kama namba ilikuwa ya shilingi, kwa sababu mwenye duka bado yuko nje ya nchi. Kwa hiyo popote utakapokwenda, iwe Dubai, Istanbul au Guangzhou, ukiulizwa sarafu chagua ya nchi uliyopo. Kwenye ATM swali hilo huja limevaa nguo nyingine: "Je, unakubali kiwango hiki?" Ukikataa, mashine haikufukuzi. Inaendelea na kukupa hela kwa kiwango cha benki yako. Mhudumu akikugusia shilingi bila kukuuliza, usiweke namba ya siri. Mwambie afute aanze upya.

Twende China sasa. Wenzako wote wamesema kweli nusu nusu.

Kwa miaka mingi mashine za maduka ya kawaida ya China zilikuwa za mtandao wa kwao, UnionPay, na kadi ya Visa ilisoma kwenye hoteli kubwa, viwanja vya ndege na ATM za benki kubwa tu. Hiyo ndiyo China wanayoisimulia wanaosema kadi hazisomi. Mwaka 2023 programu mbili zinazolipia karibu kila kitu kule, Alipay na WeChat Pay, ziliwafungulia wageni mlango wa kuunganisha kadi za Visa na Mastercard. Mwaka 2024 kikomo kikapandishwa hadi dola 5,000 kwa muamala mmoja na dola 50,000 kwa mwaka, kwa aliyethibitisha pasi yake. Kwa hiyo kadi yako itafanya kazi, ila itapitia kwenye simu. Muuza maji, teksi, mgahawa, treni ya chini ya ardhi, wote unawalipa kwa kuskani karatasi yenye msimbo wa QR au kwa wao kuskani simu yako.

Mambo mawili hayatajwi na wanaoisifu njia hii. La kwanza ni makato. Muamala usiozidi yuan 200 hauna tozo ya programu. Ukizidi hapo, unaongezewa asilimia 3 juu ya kiasi chote. Chakula na usafiri havikugusi. Mzigo unakugusa: tukichukulia dola moja inatoa yuan 7, dola 6,000 ni yuan 42,000, na asilimia 3 yake ni yuan 1,260, yaani dola 180, kabla benki yako haijatoza ya kwake. La pili linawakwamisha wengi sokoni. Kadi ya kigeni ndani ya programu hizi kwa kawaida inalipa wafanyabiashara waliosajiliwa, haitumi hela kwa mtu binafsi. Muuzaji mdogo kwenye kibanda anaweza kukuonyesha msimbo wake binafsi, ule anaotumiana hela na ndugu zake. Ukiskani, simu inakataa, yeye anadhani huna salio, wewe unadhani kadi mbovu. Wala kadi haina kosa. Mwombe msimbo wa duka, au mlipe kwa noti.

Uandikishaji ufanye ukiwa Dar, wiki mbili kabla. Pakua programu zote mbili, jisajili kwa namba yako ya +255, piga picha ukurasa wa pasi na uandike jina kama lilivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi. Kisha unganisha kadi. Hapo benki yako itatuma namba ya uthibitisho kwa meseji, na hii ndiyo sababu kubwa ya kufanya kazi hii nyumbani ambako meseji zinaingia bila wasiwasi. Baadhi ya kadi zetu hukataa hatua hii kwa sababu matumizi ya mtandaoni yamefungwa tangu kadi ilipotolewa. Piga simu benki au nenda tawini wayafungue. Ukishaunganisha huwezi kujaribu kikamilifu mpaka ufike, kwa hiyo ukitua tu, nunua chupa ya maji pale pale Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou. Kama inakataa, bora ujue ukiwa kwenye kaunta za benki kuliko ukiwa kwenye teksi saa tano usiku.

Laini yako ya Tanzania iache kwenye simu na uwashe romingi kabla ya safari, hata kama utanunua laini ya China. Namba za uthibitisho hazihamii laini mpya. Ujue pia kwamba Google na WhatsApp hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya China, wala ya hoteli. Kama benki yako inatuma namba za uthibitisho kwenye Gmail, utakaa mapokezi ukiikodolea macho simu bila kupata kitu. Data ya romingi ya laini ya nyumbani hupitia mtandao wa nyumbani, kwa hiyo nunua bando dogo la romingi kwa dharura kama hiyo, ingawa ni ghali. Na kwa kuwa hela yako sasa inaishi kwenye simu, chaji ni sehemu ya pochi. Pawabenki isiyo na alama ya 3C, ile ya usalama ya China, hairuhusiwi kwenye ndege za ndani ya China tangu Juni 28, 2025. Kama utapanda ndege kutoka Guangzhou kwenda Yiwu, kaiangalie yako mgongoni.

Sasa benki yako. Usiishie kupiga simu na kusema "nasafiri". Nenda tawini uulize vitu mahususi: kadi imefunguliwa kwa matumizi ya nje? Kikomo cha siku ni kiasi gani kwa ATM, kwa mashine ya malipo, na kwa mtandaoni? Vikomo hivyo ni vitatu tofauti, na Alipay inahesabiwa kwenye kile cha mtandaoni, ambacho mara nyingi ndicho kidogo kuliko vyote. Makato ya kutoa hela nje ni kiasi gani kwa kila mara, na kuna asilimia juu yake? Kadi inaisha lini? Kama inaisha ndani ya miezi miwili, omba mpya sasa, kwa sababu kadi mpya ikitolewa ya zamani inaweza kufungwa ukiwa safarini.

Uliza pia kuhusu akaunti ya dola yenye kadi. Kadi ya akaunti ya shilingi ikilipa yuan, mara nyingi hesabu inapita kwenye dola kisha inarudi kwenye shilingi, na kila geuzo lina mtu wa kulilisha. Akaunti ya dola inaondoa geuzo moja. Lakini nisikutie tamaa: dola hizo lazima uzinunue kwa shilingi mahali fulani, na benki itapata faida yake pale. Unachopata hasa ni kujua bei siku unaponunua, badala ya kushtukizwa siku ya kukatwa. Kwa mtu wa safari moja kwa mwaka, tofauti hiyo haifai kusumbukiwa. Kwa wewe ambaye naamini utarudi tena, inafaa. Na kama benki yako inatoa kadi ya UnionPay, kama zinavyofanya baadhi ya benki za Tanzania na Kenya, ichukue iwe kadi ya pili. Kule inasoma karibu kila ATM na kila mashine, na inatembea kwenye mtandao tofauti na Visa, kwa hiyo mmoja ukilala mwingine uko macho.

Kadi ikikataliwa, usiondoke ukiwa na hasira tu. Omba karatasi au uangalie kioo, kwa sababu mashine nyingi huandika sababu kwa tarakimu mbili, na tarakimu hizo ni karibu zile zile dunia nzima. 51 ni salio halitoshi. 55 umekosea namba ya siri, na 75 umekosea mara nyingi mno, kwa hiyo acha kujaribu. 61 umepita kikomo cha kiasi, punguza kiasi ujaribu tena. 65 umepita idadi ya mara kwa siku, subiri kesho. 54 kadi imekwisha muda. 57 kadi yako haijaruhusiwa kwa aina hiyo ya muamala, na hii ndiyo inayowapata waliosahau kufunguliwa matumizi ya nje. 91 benki yako haipatikani kwa wakati huo: labda mfumo umelala au wako kwenye matengenezo ya usiku. Kumbuka Guangzhou iko mbele yetu kwa saa tano. Saa moja asubuhi ya kule, Dar ni saa nane usiku, na ndipo mabenki hupenda kufanya matengenezo. Ngumu kuliko zote ni 05, kataa bila maelezo. Mara nyingi maana yake ni kwamba mfumo wa benki yako umeshuku wizi. Hapo hakuna ujanja mwingine: piga simu benki, thibitisha kuwa ni wewe, wafungue. Namba yao ya kupigiwa kutoka nje iandike kwenye karatasi, kwa sababu zile fupi za tarakimu nne au sita hazipatikani ukiwa nje ya nchi.

Tuje kwenye noti. Usiende bila dola mkononi, lakini 8,000 ni nyingi kuliko unavyohitaji, na zina shida ambayo wenzako hawajakutajia. Ukitoka Tanzania unatakiwa kutangaza fedha taslimu zikifika dola 10,000, kwa hiyo 8,000 zinapita Dar bila fomu. Ukiingia China, kinachozidi dola 5,000 kinapaswa kutangazwa forodhani. Usipotangaza ukakaguliwa, umeingia kwenye matatizo siku ya kwanza. Ukitangaza, itunze fomu hiyo kama pasi, maana ndiyo itakayokuruhusu kutoka na dola zilizobaki zikizidi kiwango. Yuan nazo zina mpaka wake: 20,000 kwa mtu, kuingia au kutoka.

Ningekuwa nakupangia mimi, ningeweka dola 3,000 hadi 4,000 za noti safi zisizochanika wala kuandikwa kalamu, kama 2,000 kwenye akaunti zenye kadi, na zilizobaki zikae benki Dar kwa ajili ya muuzaji mkubwa nitakayemzungumzia hapo chini. Dola zibadilishe kwenye benki, ukiwa na pasi, na risiti uitunze. Yuan zikikubakia, risiti hiyo inakuwezesha kuzirudisha kuwa dola ndani ya miezi 24. Usibadilishe kwa watu wanaokunong'oneza mtaani Xiaobei au Sanyuanli. Biashara hiyo si halali kule, na ukipewa noti bandia huna pa kushtaki bila kujishtaki mwenyewe.

ATM nazo zitumie, hasa zilizo ndani ya ukumbi wa benki, saa za kazi. Nyingi hutoa kati ya yuan 2,000 na 3,000 kwa mara moja. Benki yako ikikata kiasi maalumu kwa kila mara, chukua kingi mara moja badala ya kidogo mara nyingi. Hela ikisoma imetoka lakini haikutoka, usichomeke tena. Piga picha namba ya mashine na saa, chukua karatasi, ripoti kwa benki yako siku hiyo hiyo. Mara nyingi inarudi yenyewe baada ya siku chache, mashine ikihesabiwa na kukutwa na ziada. Isiporudi, jaza fomu ya kupinga muamala ukiwa tawini. Muda wa kupinga unahesabika kwa miezi, si miaka, kwa hiyo usingoje msimu uishe.

Noti kubwa ya China ni yuan 100, nyekundu, na ndiyo inayobandikizwa. Mchezo wa kawaida ni huu: unampa dereva wa teksi noti nzuri, anaigeuza kwa kasi akiwa ameinama, anakurudishia bandia akisema "hii mbaya, nipe nyingine". Kabla ya kumpa, soma kwa sauti tarakimu tatu za mwisho za namba iliyochapwa kwenye noti. Hiyo peke yake humkata moyo. Noti halali ukipapasa bega la koti la Mao, kiongozi aliyechorwa juu yake, unasikia mikwaruzo, ukiiinua kwenye mwanga sura yake inaonekana upande mweupe, na tarakimu 100 ya katikati inahama kutoka rangi ya dhahabu kwenda kijani ukiiinamisha.

Sasa hela ya mzigo, ambayo ndiyo kubwa. Sijui wauzaji wako ni wa aina gani, kwa hiyo nitagawa mara mbili. Kama utazunguka vibanda vya soko la ngozi la Baiyun ukichukua dazeni hapa na dazeni pale, malipo ya yuan elfu moja au mbili, lipa kwa noti ulizobadilisha benki. Alipay itumie pale unapokubali kupoteza asilimia 3 ili usitembee na burungutu. Kila kibanda kikupe karatasi yenye mhuri, namba ya kibanda na idadi ya bidhaa. Kama utaagiza kiwandani, mabegi yashonwe kwa nembo yako, usilipe yote. Utaratibu uliozoeleka ni asilimia 30 ya kuanzia na asilimia 70 mzigo ukishakaguliwa, kabla haujapakiwa. Kazi ya kushona itachukua wiki mbili tatu, wewe utakuwa umesharudi Kariakoo. Kwa hiyo zile 70 hazina haja kabisa ya kusafiri nawe mkobani. Zitume kwa TT, yaani uhamisho wa benki hadi benki, kutoka benki yako, kwa proforma (ankara ya awali) yenye jina la kampuni, jina la benki, namba ya akaunti na msimbo wa SWIFT unaoitambulisha benki hiyo. Uliza benki gharama za benki za katikati zitakuwa juu ya nani. Ukichagua zigawanywe, muuzaji anaweza kupokea pungufu ya dola ishirini au thelathini akakuzuilia mzigo kwa hizo.

Kwenye TT kuna wizi mmoja unaofilisi watu wazima. Mnaelewana kwa wiki kadhaa, kisha inakuja barua pepe: "akaunti yetu iko kwenye ukaguzi, lipa kwa hii mpya". Wezi wameingia kwenye barua pepe ya mmoja wenu. Akaunti ikibadilika, mpigie muuzaji simu ya video kwa namba uliyopewa mkiwa ana kwa ana, akusomee namba ya akaunti mwenyewe. Jina la akaunti lifanane na jina la kampuni kwenye proforma. Akaunti iko nchi nyingine na kiwanda kiko Guangzhou? Simama hapo.

Najua pia kuna watakaokushauri njia ya mkato: unampa mtu shilingi Kariakoo, mwenzake Guangzhou anamlipa muuzaji yuan. Wengi wanaitumia na wengi haijawaharibikia. Ubaya wake ni kwamba hujui yuan hizo zimetoka wapi. Polisi wa China wakizifuatilia kwa kesi ya utapeli, wanafunga akaunti ya muuzaji, naye anakugeukia wewe. Na mizigo ikifika bandarini unabaki na ankara isiyo na ushahidi wa malipo wa kumwonyesha afisa wa forodha. Mimi siishauri.

Kama malipo ya kiwandani yatapita uwezo wa wewe kuyapoteza, hapo usitegemee maandishi yangu. Kaa uso kwa uso na afisa wa biashara ya nje wa benki yako, na wakala wa forodha mwenye leseni, kabla hujaweka sahihi. Kadi ikiibwa, ifungie kwanza kwa simu, kisha chukua taarifa ya polisi. Pasi ikipotea, polisi tena, halafu ubalozi wetu mdogo ulioko Guangzhou, au ubalozi wetu Beijing. Na kama benki yako inakuzungusha kwenye malalamiko yaliyoandikwa, Benki Kuu ya Tanzania inapokea malalamiko ya wateja, ila itakuuliza kwanza kama ulishalalamika rasmi kwa benki yako, kwa hiyo nakala yenye mhuri itunze.

Nimebakiza la mume wako. Usimwachie hiyo kadi. Mifumo ya benki inaangalia mahali: kadi ile ile ikitoa hela Mbagala saa nne na kulipia chakula Guangzhou dakika kumi baadaye, kompyuta inaona wizi, na kadi inafungwa, ya kwake na ya kwako kwa pamoja, kwa kuwa ni moja. Baadhi ya hoteli pia zitataka kadi yenyewe mkononi, na ATM haitoi hela kwa namba zilizo kwenye simu. Tena ukishampa mtu namba ya siri, hata mume, hela ikipotea benki ina sababu ya kukataa dai lako. Mwekee hela za siku kumi kwenye simu yake kabla hujaondoka, na zikipungua umtumie kwa programu ya benki ukiwa kule. Hiyo ijaribu pia mkiwa wote nyumbani, kwa elfu moja tu, huku romingi imewashwa.